Futi Elfu Mbili na Mia Tano

Mzinga ipo miguuni mwa Uluguru, kando ya mto wenye jina hilohilo, unaoshuka milimani na kumwaga maji yake katika Bwawa la Mindu. Ukiitaja Mzinga kwa mtu wa Morogoro, atafikiria kiwanda cha Jeshi, Shirika la Mzinga, kunakotengenezwa risasi. Mimi leo nina shughuli na kilicho juu ya kiwanda hicho. Lupanga, kilele kinachoutazama mji, kina kiasi cha mita 2,140. Kusini zaidi kuna Kimhandu, kinachopita mita 2,600. Marubani bado wanapima kimo kwa futi, na kwa hesabu yao Lupanga ni futi 7,000 na Kimhandu ni zaidi ya 8,500. Kiwanja kidogo cha ndege cha Morogoro hakifiki futi 1,700. Kwa hiyo ndani ya mwendo wa dakika chache za ndege ardhi inapanda zaidi ya futi elfu tano, na mara nyingi inapanda ikiwa imejifunika wingu, maana milima hii hupokea unyevu unaotoka Bahari ya Hindi.

Rubani akiwa ndani ya wingu hili haoni mlima. Kinachomkinga ni namba ya kimo chake, na namba hiyo mara nyingi amepewa na mtu asiyemwona, kwa sauti, kupitia redio. Baada ya kuipokea anatakiwa airudie kama alivyoisikia, na aliyeitoa asikilize kama imerudi ilivyotoka. Ni kama wakala wa fedha za simu anapokurudishia namba uliyomtajia kabla hajabonyeza. Utaratibu wenyewe hauchukui sekunde tano, lakini ulichukua miongo kadhaa kuandikwa ukawa sheria, na kisa kimoja kinachoueleza vizuri kuliko vyote kilitokea katika anga letu la Afrika Mashariki.

Mwanzoni hakukuwa na cha kurudia. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Jenerali Smuts yalipoingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, Waingereza walikuwa na ndege katika vita vile, za kikosi namba 26 cha Royal Flying Corps, vyombo vya mbao na turubai. Redio ya sauti haikuwamo. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuandika ujumbe kwenye karatasi, kuutia kwenye kifuko chenye uzito na kuudondosha karibu na walengwa. Wakiuokota, vizuri. Wasipouokota, rubani hana habari.

Baadaye ikaja biashara. Florence Kerr Wilson alianzisha Wilson Airways mjini Nairobi mwaka 1929, na kuanzia 1932 ndege za Imperial Airways zikawa zinapita Moshi, Dodoma na Mbeya zikielekea Cape Town. Uluguru iliachwa pembeni. Marubani hao walifuata macho yao, reli, mito na saa zao za mkononi. Anga lilikuwa tupu kiasi kwamba hapakuwa na mtu wa kuomba kibali wala sababu ya kukitoa.

Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyojaza anga. Mwaka 1944 mataifa yalikutana Chicago na kukubaliana kuunda shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lililoanza rasmi 1947. Huku kwetu East African Airways ilianzishwa 1946, na nchi zetu zikawa na usimamizi wa pamoja wa anga, ukiongozwa kutoka Nairobi. Mwongoza ndege akaingia kazini: mtu aliyekaa chini, mwenye karatasi za safari mbele yake, anayemwambia kila rubani apite njia ipi na kwa kimo gani, ili wawili wasikutane.

Milima haikusubiri utaratibu ukamilike. Tarehe 18 Mei 1955 Dakota ya East African Airways iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi ilijibamiza Kilimanjaro, na watu wote 20 waliokuwamo wakafa. Kila rubani wa ukanda huu alijua basi kwamba hapa kwetu ardhi yenyewe iko juu. Tatizo lilikuwa marubani waliotoka mbali.

Jumanne, 3 Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways, yenye namba ya usajili G-AWNJ, ilikuwa inakaribia Embakasi, uwanja ambao miaka minne baadaye ungepewa jina la Jomo Kenyatta. Shirika lenyewe lilikuwa na umri wa miezi mitano, limetokana na kuunganishwa kwa BOAC na wenzake. Mawingu yalikuwa yametanda chini. Mwongoza ndege wa Nairobi akaipa ndege ruhusa ya kushuka hadi futi 7,500. Katika lugha ya redio kimo cha namna hiyo hutajwa tarakimu moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri.

Marubani wote wawili walisikia tano, sifuri, sifuri, sifuri.

Embakasi iko futi 5,327 juu ya usawa wa bahari. Kimo walichokisikia kilikuwa chini ya uwanja waliokuwa wanaenda kutua, kwa zaidi ya futi 300. Walikirudia kwenye redio kama walivyokisikia, na jibu lile lenye kosa likapita bila kusahihishwa. Kisha wakaweka 5,000 kwenye chombo cha ndege kinachokumbusha kimo kilichopangwa. Hapo hata mashine ikawa upande wa kosa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kulinda namba iliyopewa, na ilipewa namba iliyo chini ya ardhi.

Ndege ikaendelea kushuka ndani ya wingu. Ilipotokeza chini yake ilikuwa imebakiza kiasi cha futi 200 kufika ardhini, na rubani akainyanyua papo hapo. Lakini chombo kikubwa kiasi kile hakigeuki mara moja. Kinaendelea kuzama kwanza ndipo kipande. Sehemu ya chini kabisa iliyofikiwa, kwa mujibu wa kumbukumbu za ndege, ilikuwa takriban futi 70 kutoka ardhini. Mkia wa 747 iliyoegeshwa unasimama kiasi cha futi 63. Yaani kati ya tumbo la ndege na nyasi pangeweza kuegeshwa 747 nyingine, na mkia wake ungekaribia kugusa.

Hakufa mtu. Ndiyo maana hukumbuki kisa hiki, msomaji, na pengine hukuwahi kukisikia. Miezi miwili na nusu baadaye, tarehe 20 Novemba 1974, Boeing 747 ya Lufthansa ilianguka muda mfupi baada ya kuruka kutoka uwanja huohuo, kwa sababu mabapa ya mbele ya mbawa zake hayakuwa yamefunguliwa. Watu 59 kati ya 157 walikufa. Ilikuwa ajali ya kwanza ya 747 kuua, na yeyote anayezungumzia ajali za Embakasi huanza nayo. Septemba ilifunikwa na Novemba. Naona ni haki kwa upande wa msiba, lakini kwa upande wa elimu tulipoteza. Ajali ya Novemba ilihusu mtambo. Ile ya Septemba ilihusu mazungumzo, na mazungumzo yapo katika kila ndege.

Wachunguzi wa Uingereza waliandika ripoti yao 1975, na uzito wa lawama ukaangukia marubani, kwa kukubali kimo ambacho ramani yoyote ya Nairobi ingewaonyesha kuwa hakiwezekani. Siwatetei. Lakini nadhani swali la namna watu wawili wenye uzoefu walivyosikia kosa lilelile kwa pamoja lina uzito kuliko swali la nani alaumiwe. Viwanja vingi vikubwa duniani viko karibu na usawa wa bahari. Huko, ndege inayokaribia kutua kuambiwa ishuke futi 5,000 ni jambo la kila siku. Sikio lililozoea London au Amsterdam huwa limeshaandaa jibu kabla swali halijaisha. Tena tazama namba zenyewe: ukikata tarakimu ya kwanza ya 7,500 inabaki tano, sifuri, sifuri, na hiyo ni nusu ya njia kuelekea 5,000. Sikio linajaza pengo lenyewe, tena kwa ukarimu.

Na upande wa pili? Mwongoza ndege naye ana sikio. Ameshasema 7,500, anajua amesema 7,500, na anatarajia kusikia 7,500. Sauti inayorudi inapita mahali palepale penye mazoea. Hapa ndipo utaratibu wote unapokuwa na udhaifu wake wa kuzaliwa: kinachotakiwa kukamata kosa ni sikio la binadamu, na sikio la binadamu hupenda kusikia linalolijua. Kurudia kibali bila mtu wa kusikiliza kwa makini ni kelele tu redioni, na kuna ubaya zaidi, kwa sababu kila mmoja anabaki na imani kwamba mwenzake amethibitisha.

Sasa zichukue namba mbili za Nairobi uzilete Morogoro. Ndege yenye futi 7,500 inapita juu ya Lupanga kwa tofauti ya futi 500 hivi. Ni karibu mno, lakini inapita. Ndege yenye futi 5,000 inaikuta Lupanga ikiwa imebakiza futi 2,000 za mwamba na msitu kupanda. Nairobi iliwaokoa abiria wale kwa kuwa ardhi iliyokuwa chini yao ilikuwa wazi. Uluguru isingempa mtu futi 70 za kutubu.

Mwaka huohuo wa 1974 ulikuwa bado na ajali moja. Tarehe 1 Desemba ndege ya TWA iliyokuwa ikikaribia Washington iligonga mlima huko Virginia, watu 92 wakafa. Ilikuwa imepewa kibali cha kukaribia uwanja. Marubani wakaelewa kwamba kibali hicho kinawaruhusu kushuka futi 1,800, mwongoza ndege akiwa na uelewa mwingine. Ajali hiyo ilizaa mambo mawili. Kwanza, Marekani iliamuru ndege kubwa za abiria zifungwe king'ora kinachopiga kelele ardhi inapokaribia. Pili, 1976 ukaanzishwa chini ya NASA mfumo wa marubani na waongoza ndege kuripoti makosa yao kwa siri, bila kuogopa adhabu. Ripoti zilipoanza kumiminika, watafiti waliona jambo ambalo ajali zilikuwa zinaficha: vimo vinavyosikika vibaya vilikuwa jambo la kawaida, na visa vingi vilikuwa na sura ya Nairobi, rubani akirudia namba yenye kosa na chini asitokee wa kumsahihisha.

Halafu ikaja Tenerife. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa hicho cha Uhispania, 747 mbili ziligongana kwenye barabara ya kurukia iliyojaa ukungu, moja ya KLM, nyingine ya Pan Am. Watu 583 walikufa, na hadi leo hakuna ajali ya ndege iliyofikia idadi hiyo. Ndege ya KLM ilikuwa imepewa kibali cha njia ya kufuata ikishapaa. Haikuwa imepewa kibali cha kupaa. Rubani msaidizi alikirudia kibali kile, kisha akaongeza maneno yenye maana ya kwamba sasa wako katika kupaa. Mnarani yakaeleweka kuwa wako tayari, wamesimama. Mwongoza ndege akajibu kwa kukubali, kisha akawaambia wasubiri. Neno la kusubiri likagongana na sauti ya Pan Am iliyokuwa ikisema bado iko barabarani, na ndani ya KLM ukasikika mlio tu.

Huku kwetu mwezi huo watu walikuwa na yao. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa umefungwa tangu Februari, East African Airways ilikuwa imekufa, na Air Tanzania ilikuwa imezaliwa wiki mbili kabla ya Tenerife. Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe haikumaliza mwaka. Anga lililokuwa likisimamiwa kwa pamoja likagawanywa, kila nchi ikajiundia idara yake, na Dar es Salaam ikabeba yenyewe mzigo wa waongoza ndege wake.

Sheria zilizotoka baada ya Tenerife ndizo zinazotumika leo juu ya Mzinga kama zinavyotumika juu ya Madrid. Neno la kupaa halitajwi redioni isipokuwa wakati kibali cha kupaa kinatolewa au kinafutwa. Kabla ya hapo husemwa kuondoka. Mambo ambayo lazima rubani ayarudie yameorodheshwa: kibali cha njia, ruhusa ya kuingia, kuvuka, kutua au kuruka kwenye barabara ya ndege, amri ya kusimama kabla yake, kimo, mwelekeo, mwendo, kipimo cha kanieneo ya hewa, namba ya utambulisho kwenye rada. Kusema tu kwamba umesikia hakutoshi. La maana kuliko yote, kanuni haiishii kwa rubani. Inamwamuru mwongoza ndege asikilize yanayorudiwa, ahakikishe yako sawa, na kama hayako sawa asahihishe pale pale. Sentensi hiyo ndiyo iliyohitajika Embakasi.

Kuandikwa kwa sheria hakukuzuia kosa kurudi. Tarehe 19 Februari 1989, 747 ya mizigo ya Flying Tiger ilikuwa inakaribia Kuala Lumpur alfajiri. Mwongoza ndege aliiambia ishuke futi 2,400, akitaja mbili, nne, sifuri, sifuri. Kwa Kiingereza mbili na neno linaloashiria "hadi" hulingana kwa sauti, na marubani wakasikia kwamba washuke hadi 400. Walirudia mia nne. Hawakusahihishwa. Waligonga kilima, na wanne wote waliokuwamo wakafa. King'ora kile cha baada ya 1974 kilikuwamo ndani ya ndege na kililia, hakikufuatwa. Nairobi ilikuwa imetokea miaka 15 kabla, ripoti yake ilikuwa imechapishwa, na makosa mawili haya yanafanana kama mapacha.

Swali la lawama lilifika hadi mahakamani. Mwaka 1994, juu ya Los Angeles, rubani wa Northwest alisikia kibali cha kupanda kilichotolewa kwa ndege ya American, akadhani ni chake, akakirudia na kupanda. Sauti yake iligongana na ya yule mwenye kibali, hivyo mwongoza ndege hakuisikia. Je, rubani amevunja sheria ilhali alirudia kila neno na hakuambiwa kuwa amekosea? Bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani ilimwonea huruma. Mamlaka ya anga haikukubali. Mwaka 1999 ilitoa tafsiri rasmi kwamba kurudia kibali hakumwondolei rubani wajibu wa kusikia sawasawa, na mwaka huohuo mahakama ya rufaa ikaiunga mkono. Kisheria nadhani waliamua vyema. Kwa mtu anayeendesha ndege, hukumu hiyo ina ukavu wake: anaambiwa ategemee sikio la mwenzake, na likimwangusha ni shauri yake.

Hapa Tanzania, rada ndiyo iliyotuzungumzisha zaidi. Wengi wanaikumbuka kwa kashfa ya ile ya kampuni ya BAE, ya pauni milioni 28, iliyonunuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 huku Benki ya Dunia ikipinga bei yake, na iliyoishia kwa kampuni hiyo kukiri mwaka 2010 kosa la kutoweka hesabu sawasawa na kuilipa Tanzania pauni milioni 29.5. Kelele za rushwa zilikuwa halali kabisa, ila zilizima mjadala mwingine wa kazi yenyewe ya rada. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, baadaye ikaja na mradi wa rada nne za kiraia, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Rada humwonyesha mwongoza ndege kimo cha ndege. Akiona namba inateremka kupita aliyoitaja, anaweza kupaza sauti.

Lakini redio za ndege za masafa ya kawaida husafiri kwa mstari ulionyooka, na mlima huzuia mstari. Ndege ndogo inayoruka chini upande wa Mzinga ina Uluguru nzima kati yake na Dar es Salaam. Haiwezi kusikilizana nayo moja kwa moja mpaka ipande au ipate kituo cha kurushia mawimbi kilicho mahali pa juu. Ndege za injini moja zipelekazo watalii Mikumi na Ruaha hupita maeneo haya, na katika viwanja vya porini visivyo na mnara rubani hutangaza mwenyewe yuko wapi na anataka kufanya nini, akizungumza na yeyote aliye hewani. Hapo hakuna kibali, kwa hiyo hakuna kurudia. Anarudi kuwa kama rubani wa 1932, isipokuwa ana ramani ya satelaiti mbele yake.

Katika anga lenye msongamano mkubwa njia imekwenda mbali zaidi. Juu ya London, kwa ndege zenye vifaa vinavyohitajika, mwongoza ndege haonyeshwi kimo cha ndege tu. Anaonyeshwa pia namba ambayo rubani ameiweka kwenye chombo chake, kabla ndege haijaanza kuifuata. Akitaja 7,500 na kioo kikaandika 5,000, kosa linaonekana kwa macho, hata kama masikio yote mawili yamelipitisha. Bahari za mbali nazo zimehamia maandishi: kibali kinafika ndegeni kama ujumbe, rubani anabonyeza kukubali, na sauti inabaki kwa dharura. Kwingineko, na hii ni sehemu kubwa ya Afrika, kimo bado kinatajwa kwa mdomo, kinarudiwa kwa mdomo, na mwongoza ndege akiridhika hasemi kitu; anahamia kwa ndege inayofuata.